Bomba la Hakipiti

Halmashauri nzima ilimjua kwa jina la Hakipiti, na jina hilo hakupewa na adui. Alipewa na mhudumu wa mapokezi, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, miaka ile ya mwanzo alipokuwa afisa mazingira kijana na kila mradi uliofika mezani kwake ukitoka na jibu moja. Kiwanda cha rangi mtoni? Hakipiti. Kituo cha mafuta ubavuni mwa shule? Hakipiti. Wawekezaji walitoka ofisini mwake wamenuna, mhudumu akawasindikiza kwa macho huku akicheka chini chini. Mwenyewe alilipenda jina lile, na mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake alichelewa kuitika.

Kisha akakataa mradi wa mtu asiyekataliwa. Mkurugenzi hakugomba wala kuinua sauti. Alimhamishia dampo, akakae kwenye kibanda cha mabati kuandikisha malori ya taka, na huko akakaa mpaka nguo zake zote zikashika harufu ambayo mkewe aliifua bila kuimaliza. Aliporudishwa ofisini alikuwa mtu mwingine. Msije mkadhani alirudi mwoga. Alirudi mjanja, na huo ujanja ndio uliokuja kumponza.

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Hakukataa tena mradi wowote. Aliuidhinisha, ila kwa masharti, na masharti yale aliyapika kwa ufundi wa hali ya juu. Aliyetaka kujenga machinjio alikuta ameamriwa kuchimba mabwawa ya kusafishia maji ambayo gharama yake ilizidi machinjio yenyewe. Mwenye mashine ya kusaga kokoto aliambiwa aizungushie ukuta wa kuzuia kelele, mnene kama wa gereza. Walisoma, wakakuna vichwa, wakasema wanakwenda kujipanga. Hawakurudi tena. Na mkurugenzi akipekua akakuta kila mradi umeidhinishwa, alikosa la kumlaumu.

"Mimi sikatai mradi," alipenda kumwambia mhudumu wa mapokezi. "Mradi unajikataa wenyewe."

"Kumbe siku hizi unaua bila kisu," mhudumu alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Kicheko hicho kilikuwapo bado siku lilipoletwa ombi la kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Kiwanda kilitakiwa kujengwa bondeni, kwenye uwanja wa zamani wa kufyatulia matofali. Betri zile zina madini ya risasi ndani yake, na Hakipiti alijua vizuri moshi wa risasi unafanya nini kwenye damu ya mtoto; ni jambo alilosomea. Alijua pia nani anaishi ng'ambo ya bonde, pale mteremkoni. Anaishi dada yake, mtoto wa mama yake mmoja, na mumewe, na mama mkwe aliyekula chumvi nyingi, na binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Binti yule walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Hakipiti hakubahatika kupata mtoto, na Chiriku alijua hivyo bila kuambiwa, akamfanya mjomba wake mali yake. Akifika tu, kabla hajavua viatu, maswali yalianza. Mjomba, kuku anajuaje kuwa yai limeiva? Mjomba, maji ya kisimani yanalala saa ngapi? Hakipiti aliyajibu yote kwa uso mkavu wa kiofisi, na mengine akamwambia hayapiti mpaka yafanyiwe tathmini. Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo.

Jumapili moja alimkuta dada yake hana raha. Dada huyo alimwandalia chakula, akakaa mkabala naye, akawa anakunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Kaka, hicho kiwanda cha betri ni kweli?"

"Ombi lipo. Liko mezani kwangu."

"Mama Cherehani ameshaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba." Huyo alikuwa jirani, fundi wa kushona, mama wa mapacha waliokaa dawati moja na Chiriku. "Anakusanya majina tupinge. Ana mpwa wake wakili, amesema atatusimamia bure."

Hakipiti aliweka kijiko chini. "Mwambie aache."

"Aache?"

"Nisikilize. Mkipinga kikaoni, faili halibaki kwangu. Linapanda juu, na huko juu mimi sina mkono. Huko wanakaa watu ambao hawajawahi hata kuuona mteremko huu. Mkikaa kimya, linabaki mezani kwangu. Na likibaki mezani kwangu, limekwisha. Umewahi kusikia machinjio yamejengwa? Umesikia kokoto zinasagwa?"

"Sijasikia."

"Basi niachieni mimi."

Dada yake aliuachia upindo wa kanga. Tangu utotoni, kaka yake akisema jambo limekwisha, lilikuwa limekwisha. Jioni ile ile alifunga kanga yake, akapita nyumba alizopita Mama Cherehani, akawaomba wenzake wanyamaze. Wengine walikubali mara moja. Mama Cherehani ndiye aliyekuwa mgumu, wakavutana barazani mpaka giza likaingia. Mwishowe alisema, "Mimi huyo kaka yako simjui, nakujua wewe. Nanyamaza kwa ajili yako." Akaichukua ile karatasi ya majina, akaiweka chini ya cherehani.

Siku ya kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, ukumbi ulijaa watu wa mteremkoni wamekaa kimya. Mkurugenzi aliuliza kama kuna pingamizi. Hakuna aliyekohoa. Aliuliza tena, akiwa hasadiki bahati yake. Hakipiti alikuwa mezani mbele na kalamu mkononi. Alimwona dada yake safu ya tatu, ameinamisha uso, na moyoni akamwambia atulie, mambo yako sawa.

Siku iliyofuata alifunga mlango akayaandika masharti. Alidai bustani ya miti ya kuzunguka kiwanda chote. Alidai mabafu ya wafanyakazi na zahanati yao. Alidai mtambo wa kuchuja moshi, wa kuagizwa nje, ambao hata kuitamka bei yake kulihitaji kumeza mate. Bado hakuridhika. Alitaka sharti moja la mwisho, la kumvunja mtu kiuno. Akatazama dirishani, akauona mnara wa simu nyuma ya soko, kitu kirefu kuliko vyote mjini. Akaandika kwamba bomba la moshi lazima liupite mnara ule kwa urefu. Halafu akajinyoosha kitini, akafurahi.

Tatizo ni kwamba aliliandika bomba lile kama gharama. Hakuliwaza hata kidogo kama bomba. Mtu aliyesomea moshi, anayejua kuukokotoa upepo kwa hesabu, siku ile hakupiga hesabu yoyote isipokuwa ya kumfilisi mwenzake. Msomaji atasema mimi nilikuwa wapi nisimwambie. Hakuna aliyekuwapo wa kumwambia, alikuwa peke yake na akili zake nyingi.

Mwenye kiwanda alikuja kuchukua masharti yake. Alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye leso ya kufutia jasho, na ofisi nzima baadaye ilimpachika jina la Bwana Sawa. Hakipiti alimsomea sharti moja moja, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

"Miti kuzunguka kiwanda chote."

"Sawa."

"Mabafu, na zahanati yenye muuguzi."

"Sawa, mwanangu."

"Bomba la moshi, refu kuupita mnara wa simu."

Mzee aligeuka akautazama mnara dirishani. Akafuta jasho. Hakipiti akasubiri akune kichwa.

"Sawa," mzee akasema. "Tutajenga. Naomba kitu kimoja tu. Huo mtambo wa kuchuja, ndugu yangu, unatoka mbali. Usiandike kabla ya kuanza kazi. Andika ndani ya muda unaofaa."

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Badala yake alifurahi zaidi, kwa maana wote waliotangulia walianza hivyo hivyo, wakaomba kupunguziwa hiki, halafu kile, halafu wakayeyuka. Akajiona amemshika pabaya. Akaifuta ile "kabla ya kuanza kazi," akaandika alivyoombwa, na mzee akatia saini kila ukurasa kwa mkono uliotulia kabisa. Alipotoka, mkurugenzi alichungulia mlangoni akicheka na meno yote nje.

"Leo Hakipiti amepitisha," alisema.

Bado aliamini mzee atakata tamaa. Aliamini hivyo msingi ulipochimbwa. Aliamini hivyo kuta ziliposimama. Bomba lilipoanza kupanda, pete juu ya pete, mafundi wamening'inia kwa kamba, imani ikamtoka na badala yake ikaingia hofu ya kimya ambayo hakumwambia hata mkewe. Dada yake alipouliza, alimjibu kwamba pamoja na mtambo wa kuchuja hakutakuwa na hatari. Hilo lingekuwa kweli, laiti mtambo ungekuwapo.

Mtambo ulikuwa njiani. Ndivyo alivyojibiwa alipokwenda mara ya kwanza, na moshi ukiwa umeshaanza. Mara ya pili ulikuwa bandarini. Mara ya tatu kilikosekana kifaa kimoja kidogo tu. Bwana Sawa alimpokea kila safari kwa soda baridi na kumtembeza kwenye miche ya miti iliyokauka, kwenye bafu lisilo na maji, na mwisho akamsimamisha chini ya bomba, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe.

"Hili nimelimaliza kama ulivyotaka. Tena nimezidisha kidogo."

Hakipiti aliandika onyo, akaandika jingine. Akapendekeza kiwanda kifungwe. Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama, akamrudishia. "Umeandika wewe, ndani ya muda unaofaa. Muda unaofaa haujaisha. Mpe mzee nafasi apumue."

Jioni ile alikwenda mteremkoni moja kwa moja kutoka kazini. Uani kwa dada yake nguo zilikuwa kwenye kamba, mama mkwe amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, na Chiriku hakutoka kumlaki. Hakipiti akasimama karibu na kamba ya nguo, akatazama ng'ambo ya bonde. Uani pale alikuwa amekanyaga miaka nenda rudi, akila, akicheka, akijibu maswali ya kuku na visima, na hakuwahi kupatazama kama mahali penye kimo. Sasa aliona. Kiwanda kilikuwa chini kabisa bondeni. Mdomo wa bomba haukuwa chini. Ulikuwa mbele yake, sawasawa na macho yake, na moshi uliotoka hapo haukuhitaji kupanda wala kushuka. Uliviruka viwanja vitupu vya bondeni, ambavyo hakuishi mtu, ukaja moja kwa moja mpaka kwenye nguo za dada yake. Kama bomba lingekuwa fupi, la kawaida, kama la kila kiwanda maskini, moshi ungetanda kule chini juu ya majani na vifusi vya matofali. Masharti yote yale, na lililotimizwa ni hilo.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mama mkwe akamuuliza kama anaumwa.

"Chiriku yuko wapi?" aliuliza.

"Amelala. Siku hizi analala tu. Tumbo."

Walikuwa wameshamtibu minyoo, kisha malaria, kisha wakamtibu ukaidi, maana mwalimu alilalamika kwamba mtoto ameacha kusikiliza na herufi alizozijua zimempotea. Dada yake alieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, kwa sauti ya uchovu, na hakumwangalia kaka yake usoni. Wiki ile Chiriku alianguka darasani, akatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Hospitali kuu walimtoa damu, wakaipeleka kupimwa. Daktari alikuwa mwanamke mkavu asiyetia maneno sukari. Alisema ni risasi, tena nyingi. Alisema dawa ipo lakini dawa haifui dafu mtoto akirudi kwenye moshi ule ule. Mtoto atolewe pale, na kilichopotea kichwani huenda kisirudi chote.

Hakipiti alimchukua. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, upande wa pili wa mji, na haikuweza kuibeba familia nzima pamoja na bibi. Na nyumba ya mteremkoni, waliyoijenga tofali kwa tofali, sasa hakuna ambaye angeinunua. Kwa hiyo alikuja mtoto peke yake, na mfuko wa nguo. Mkewe alimtandikia kitanda karibu na dirisha, akamwimbia, akampikia uji. Chiriku alikula alichopewa na kukaa alipowekwa. Kila asubuhi Hakipiti, kabla ya kwenda kazini, alichuchumaa mbele yake.

"Leo huniulizi kitu?"

Mtoto alimtazama kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Hakipiti aliinuka akatoka nje, na mkewe alimsikia akilia nyuma ya nyumba, akamwachia nafasi.

Dada yake alikuja kila jioni. Hakuingia ndani. Alimpakata mwanawe kwenye ngazi ya mlango, akamsuka nywele, akamnong'oneza, akarudi kwake. Kaka yake alipomsemesha alijibu kwa adabu, salama kwa salamu, ndiyo na hapana kwa mengine, na adabu hiyo ilimuumiza kuliko matusi. Mpaka jioni moja alisema, akiwa ameshika kitana, "Wenzangu wanakuita. Kesho alasiri, barazani kwa Mama Cherehani."

"Wanataka nini?"

"Nenda utasikia. Mimi nilishabeba maneno mara moja, sirudii."

Alikwenda. Njiani alipanga maneno. Angewaeleza kuhusu maonyo aliyoandika, kuhusu mkurugenzi, kuhusu rufaa wanayoweza kukata hata sasa, pamoja na yule wakili. Alifika akakuta baraza limejaa, wanawake wengi na wanaume wachache, na watoto wamelala kwenye mikeka saa ambayo watoto hawalali. Walimkaribisha kiti. Walimpa maji. Hakuna aliyemtukana, na Hakipiti akatamani angalau mmoja afanye hivyo.

Mama Cherehani alikuwa nyuma ya mashine yake, pacha mmoja amemlalia pajani. Pacha wa pili hakuonekana. Hakipiti alifungua mdomo aanze, mama yule akainua mkono kidogo.

"Afisa, mimi nina swali dogo. Hilo bomba." Alielekeza kidevu ng'ambo, ambako moshi ulikuwa unatoka kijivu na mwembamba, usawa wa baraza. "Fundi mmoja wa kule ametuambia ni wewe uliyetaka liwe refu vile. Ulitaka refu kwa nini?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka. Angeweza kusema ni utaalamu. Wangeamini, au wangejifanya kuamini. Akamwangalia dada yake aliyesimama pembeni, ameegemea nguzo, kanga mdomoni.

"Nilidhani atashindwa kulijenga," alisema.

Mzee mmoja aliomba arudiwe, hakusikia vizuri. Jirani yake akamnong'oneza sikioni, na mzee akatikisa kichwa polepole, akatazama chini.

Mama Cherehani hakubadilika uso. Alimpapasa mtoto nywele, akamrekebishia shingo.

"Mwenzake alizikwa juzi," alisema. "Hukuambiwa, ulikuwa na mgonjwa wako." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayemweleza mteja nguo itakuwa tayari lini. "Daktari ametuambia sote neno moja. Mtoto atolewe hapa. Wa dada yako umemtoa, na umefanya vema, Mungu akulipe. Ana mjomba." Aliwatazama waliolala kwenye mikeka, mmoja baada ya mwingine, kisha akarudisha macho kwake na kusubiri, kama mtu aliyeuliza swali lenye jibu. "Sasa wewe tuambie. Huyu wangu aliyebaki nimpeleke kwa mjomba gani?"

Dada yake aliondoka kwenye nguzo, akapita mbele ya kaka yake bila kumgusa, akakaa mkekani upande wa wenzake.